Kapteni Gaskill na Mkondo wa Mjane

Norfolk, Virginia
Januari 8, 1888

Dorsey,

Utashangaa kupata barua yangu baada ya miaka ishirini na mitano. Mara ya mwisho tulipoonana, wewe ulikuwa rubani wa meli yangu, nami nilikuwa nikikuamini. Kesho yake ulitoroka na mashua yangu ndogo. Hilo nimekusamehe. Mashua ilikuwa inavuja.

Sasa naandika kitabu cha maisha yangu. Niliingia jeshi la majini nikiwa na miaka kumi na minne, mwembamba kama mpini wa ufagio. Nilizunguka Rasi ya Horn mara mbili, nikaugua homa Veracruz, nikawa luteni kabla sijapata ndevu za kutosha kunyoa. Mwaka 1861 jimbo langu liliponiita, niliurudisha upanga wa Washington nikauchukua ule wa Richmond, makao ya serikali ya Kusini. Hizo ni sura sita, na zimekwisha. Sura ya saba ni asubuhi ile ya Machi 14, 1863, Sandpiper ilipopenya Mlango wa Harrow kwa njia ya mkondo wa Mjane, katikati ya ukungu, ikiwa na marobota mia sita ya pamba, huku manowari za Kaskazini zikituzingira nje, ikafika Nassau, visiwani Bahama, bila mkwaruzo. Asubuhi ile ndiyo iliyonipa cheo cha kamanda, na ndiyo iliyomfanya baba wa marehemu mke wangu akubali kunikaribisha sebuleni. Nimeisimulia katika mihadhara arobaini.

Lakini mchapishaji wangu, kijana wa New York mwenye maswali mengi, anataka namba: kina cha maji, mwelekeo wa dira, dakika za kila mkunjo. Hayo madogo sikuyahifadhi. Nimekuambatishia nakala ya sura hiyo. Jaza namba tu katika nafasi nilizoziacha wazi. Maneno yaache kama yalivyo.

Wako,
Ambrose T. Gaskill
Kamanda (mstaafu), Jeshi la Majini la Shirikisho la Kusini


Port Selwyn, Karolina ya Kaskazini
Januari 15, 1888

Mwanangu Arminta,

Ninayesema ni mimi baba yako mdogo, anayeandika ni mama yako mdogo Keziah. Akitia yake utayatambua, maana yatakuwa na pilipili.

Soma kwanza barua ya Kapteni niliyoitia humu, kisha sura yake. Mimi nimesomewa mara moja, imenitosha. (Mimi nimeisoma mara tatu na bado nimekasirika. Keziah.)

Huenda barua hii imetumwa na Mungu mwenyewe, kwa sababu tuna msiba hapa. Baraza la Marubani limetoa kanuni mpya. Kila rubani alete, kabla ya Machi mosi, hati ya kapteni aliyepitishwa naye katika Mlango wa Harrow kabla ya vita kwisha, kwa meli ambayo tumbo lake huzama majini futi kumi au zaidi. Asiyeleta, leseni yake inakufa. Marubani weupe makapteni wao ni baba zao na wajomba zao, wanasainiana mezani wakila chaza. Sisi weusi tumebaki watano, na makapteni wetu ama wamekufa ama wanajifanya hawatujui. Nimeingiza meli bandari hii miaka thelathini na tano na sijapoteza hata boya. Sasa wananitaka karatasi.

Wewe uko chuoni, una maneno mazuri. Mwandikie Kapteni kwa adabu, mwombe hati. Ukimaliza mwambie namba nitampa. Usiwashe moto. Nakujua.

Baba yako mdogo,
Dorsey Pettiford

(Washa kidogo. Keziah.)


Chuo cha Shiloh, Raleigh
Januari 21, 1888

Kwa Kamanda Ambrose T. Gaskill

Bwana,

Naitwa Arminta Pettiford, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, katibu wa chama cha mdahalo cha chuo hiki, na binti wa kaka yake rubani Dorsey Pettiford. Nimeagizwa nikuandikie kwa adabu. Adabu, kama nilivyofundishwa na walimu wangu wa mantiki, huanza na ukweli. Basi niruhusu nianze hapo.

Katika ukurasa wa tatu wa sura yako unasema kwamba uliongozwa na nuru ya mnara wa taa wa Harrow, “iliyometa kama jicho la Mungu juu ya jeshi lake.” Mnara wa Harrow ulizimwa Aprili 1861. Haukuzimwa na Kaskazini. Ulizimwa kwa amri ya upande wako wewe, mafuta yakamwagwa, vioo vikafungwa katika majani makavu na kufukiwa nyuma ya mahakama, na haukuwashwa tena hadi vita vilipokwisha. Naomba kuuliza, kwa heshima zote, ni jicho la nani basi ulilolifuata?

Katika ukurasa wa tano unaandika: “Rubani wangu, mtu mweusi mwema lakini dhaifu wa moyo, alishindwa na hofu, aliketi sitahani akakishika kichwa kwa mikono miwili, nami nikalazimika kuichukua meli mwenyewe.” Bwana, hivi unaniomba niamini kwamba mtu aliyeichukua meli mwenyewe katika mikunjo ya mkondo wa Mjane, mahali ambapo hakuna meli kubwa iliyopita kabla wala baada, hakumbuki hata kina kimoja, hata mwelekeo mmoja, hata dakika moja? Mtunzi hukumbuka beti zake. Fundi seremala hukumbuka vipimo vya meza yake. Ni yule tu aliyekuwa abiria ndiye anayekumbuka mandhari peke yake.

Mnatujengea sanamu za wapanda farasi wenu katika kila uwanja na kuziita historia. Mnachukua jasho la watu waliouzwa na kununuliwa, mnaliita ushujaa wenu, kisha mnatuandikia barua kuomba tuwajazie nafasi zilizo wazi. Nafasi hizo, Bwana, ni wazi kwa sababu jina halimo.

Masharti yetu ni haya. Utamwandikia baba yangu mdogo hati inayosema kwamba ndiye aliyeipitisha Sandpiper katika Mlango wa Harrow, kwa maana Baraza la Marubani litaiua leseni yake Machi mosi asipokuwa nayo. Na utalitia jina lake katika kitabu chako, lote, si “Dorsey” mtupu kama mtu anayemwita farasi. Hapo ndipo utakapopata namba zako.

Kwa adabu,
Arminta Pettiford


Norfolk
Januari 29, 1888

Binti Pettiford,

Nimewahi kupigwa mizinga na manowari nne kwa wakati mmoja, nikapata majeraha machache kuliko niliyoyapata katika barua yako.

Kuhusu mnara, umenishika. Nimeifuta sentensi ile, ingawa watu huwa wanatoa leso wanapoisikia. Labda ilikuwa nyota.

Kuhusu mengine sirudi nyuma hata hatua. Mimi nilikuwa pale, wewe hukuwapo. Nilimwona Dorsey kwa macho yangu, futi tatu kutoka niliposimama. Aliketi, akashika kichwa, akatikisika mabega. Nikatoa amri, “Moja kwa moja mbele,” na dakika kumi baadaye tulikuwa katika maji ya bluu. Kama hiyo si kuichukua meli, sijui ni nini. Watu elfu kadhaa wamenisikia nikisema hivyo. Siwezi kusaini karatasi inayosema kinyume, nikawa mwongo mara arobaini kwa wino mmoja.

Wala usidhani mabaharia wangu weusi walikuwa na kinyongo cha namna unayoihubiri. Wachochea moto wanne waliokuwa kwenye boila asubuhi ile walipanda sitahani wakiwa wamevaa mashati meupe ya Jumapili, yaliyofuliwa na kupigwa pasi, Jumamosi, na kule chini kuna makaa hadi puani. Walikuwa wamevaa kwa heshima ya siku hiyo kuu. Nimeliweka jambo hilo mwishoni mwa sura. Lieleze, wewe mwenye mantiki.

Niko tayari kumpa Dorsey barua ya tabia njema. Zaidi ya hapo haiwezekani. Na mchapishaji anangoja namba.

A. T. Gaskill


Raleigh
Februari 2, 1888

Baba mdogo mpendwa,

Umesema nisiwashe moto. Kumbe kuni zilikuwa kavu.

Barua ya Kapteni hii hapa. Anakataa hati. Anasema uliketi kwa hofu, na hakuna atakachosaini kinachopingana na mihadhara yake. Ila amejiachia mlango mmoja bila komeo: ananitaka nieleze mashati meupe ya wachochea moto. Sijui chochote kuhusu mashati hayo, lakini wewe ulikuwapo. Niambie. Niambie kila kitu cha asubuhi ile, dakika kwa dakika, nami nitamfunga kwa hoja zisizopumulika.

Nina jambo jingine la kukiri. Chama chetu cha mdahalo kimenipa jukwaa siku ya Machi 14, kumbukumbu ya miaka ishirini na mitano. Nimetangaza hotuba yenye kichwa “Shujaa Halisi wa Harrow.” Matangazo yamebandikwa hadi mlango wa ofisi ya mkuu wa chuo. Nitasimama niwaambie watu kwamba ushindi mkubwa kuliko wote wa baharini wa jimbo hili ulikuwa wako.

Zimebaki wiki nne kufika Machi mosi. Andika upesi.

Binti yako,
Arminta


Port Selwyn
Februari 9, 1888

Arminta,

Bandua matangazo hayo.

Nimemwambia Keziah aandike kila ninalosema bila kuniuliza maswali katikati. (Nimekubali. Sitaweza. Keziah.)

Sikuketi kwa hofu, mwanangu. Lakini pia sikushinda. Kapteni Gaskill ameambiwa shujaa miaka yote hii kwa sababu mimi nilishindwa, na sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wale wanne wa boila, ambao walikuwa wanajua.

Sikuwa nampeleka Nassau. Nilikuwa nampeleka kwa manowari za Muungano, zile za Kaskazini.

Kwa wiki tatu meli tatu za Kaskazini zilikuwa zimetia nanga mdomoni mwa mkondo wa Mjane. Nilikuwa naziona kila asubuhi nikienda kuweka nyavu. Nikafikiri: nikiwaletea meli nzima, na moshi wake, na pamba yake, na kapteni wake mwenye vifungo vya dhahabu, sisi watano tutakuwa watu huru kabla ya chai. Nikamwambia Kapteni kwamba mlango mkubwa unalindwa, lakini mkondo wa Mjane haulindwi na mtu. Akanishika bega, akasema, “Dorsey, una akili.” Kwa wachochea moto nikasema, Jumamosi tunakutana na watu wetu, vaeni vizuri. Ndiyo hayo mashati. Mmoja wao, Nimrod Spruill, alikuwa ameazima na tai.

(Miaka hii yote aliniambia mashati yalikuwa ya mazishi. Keziah.)

Mkondo ule una mikunjo mitatu na upana wa kanisa letu, na ukungu ulikuwa mzito hata usione omo, pua ya meli. Nikasimama na bildi yangu, ile risasi nzito ya kupimia kina, tunayoipaka shahamu chini ili ilete kipande cha sakafu ya bahari. Kila ilipopanda niliinusa, nikailamba. Mchanga wa kijivu wenye vipande vya chaza, kata kushoto. Tope jeusi linalonuka kama yai bovu, shikilia hapo hapo. Mchanga mweupe laini kama unga, umefika. Ulimi wangu ulikufa ganzi. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, kabla wala baada, na niliifanya nikiimba moyoni.

Tukatoka. Ukungu ukainuka kama mtu anayefunua kitanda. Nikatazama mahali pa manowari tatu. Hapakuwa na kitu. Hata pipa linaloelea halikuwapo. Baadaye nilisikia kwamba dhoruba ya Alhamisi iling'oa nanga zao, wakahamia kusini maili kumi na mbili, na ukungu wa Ijumaa ukanificha hilo.

Hapo ndipo nilipoketi. Wale wanne walipanda juu na mashati yao, wakanitazama, wakatazama bahari. Kapteni akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya jukwaani, “Moja kwa moja mbele.” Moja kwa moja mbele kulikuwa na Bahama.

Pamba ile iliuzwa Nassau, ikanunua bunduki, na bunduki zikaja kupiga watu waliokuwa wanafia uhuru wetu. Huo ndio ushindi unaotaka kuutangaza. Wiki sita baadaye nilichukua mashua ya Kapteni, nikampakia Keziah, na safari hiyo nikazipata manowari za Kaskazini. Keziah alitapika njia nzima. (Sikutapika.)

Basi uone jinsi nilivyokwama. Nikinyamaza, hawezi kusaini kwa sababu anaamini nilishindwa na hofu. Nikisema, hatasaini kwa sababu nilitaka kumtia kifungoni. Leseni imekwenda. Ndugu wa Keziah ana mashua ya matikiti maji, nitasukuma matikiti.

Dorsey

(Arminta, nimeolewa na mtu huyu miaka ishirini na sita. Amelala sasa. Nimekaa nikimtazama kama mgeni aliyekuja na zawadi. K.)


Raleigh
Februari 13, 1888

Baba mdogo,

Matangazo nimeyabandua. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi sakafuni kama wewe ulivyoketi sitahani.

Naomba ruhusa ya kutoa hoja moja tu, fupi, mimi ambaye sijawahi kutoa hoja fupi. Unahesabu asubuhi ile kwa mahali meli ilipofika. Mimi naihesabu kwa mahali ulipoielekeza. Ulikuwa mtumwa mwenye risasi iliyopakwa shahamu mkononi, na ukakusudia kuikamata meli nzima ya waliokununua, peke yako, bila bastola, kwa kulamba mchanga. Kwamba bahari ilihamisha manowari haiwi aibu yako. Aibu ni ya wanaomwona mtu ameketi na hawamwulizi kwa nini.

Sitasema neno hadharani bila idhini yako. Wala sitamwandikia tena Kapteni. Hili si langu kulisema. Lakini unasema ukinyamaza leseni imekwenda, na ukisema leseni imekwenda. Kama gharama ni ileile, baba mdogo, kwa nini uilipie kimya?

Arminta


Port Selwyn
Februari 16, 1888

Kapteni Gaskill,

Binti yangu hajui kwamba nakuandikia. Mke wangu anajua kwa sababu ndiye mkono.

Namba zako hizi. Kutoka boya la kusini, mashariki kwa kaskazini kidogo, pima mbili na nusu, yaani futi kumi na tano, mchanga wa kijivu wenye chaza, dakika tisa kwa nusu mwendo. Mkunjo wa kwanza, kaskazini kamili, pima mbili, tope jeusi, dakika sita. Mkunjo wa pili, kaskazini mashariki, pima mbili kasoro futi moja, hapo ndipo tezi, nyuma ya meli, ilipokwangua kidogo ukaniuliza ni nini, nikasema ni kasa. Haikuwa kasa. Mkunjo wa tatu, mashariki, mchanga mweupe, kisha maji ya bluu.

Nakupa kwanza, kabla sijaomba, kwa sababu vipimo havina kosa lolote.

Sasa kuhusu kuketi kwangu. Sikuogopa. Nilikuwa nakupeleka kwa manowari za Muungano zilizokuwa zimetia nanga mwisho wa mkondo ule. Nilikusudia ukamatwe salama, na meli nzima, kabla ya kifungua kinywa. Zilikuwa zimeondoka siku mbili kabla. Nilipoona bahari tupu, nikaketi. Wale wa boila hawakuvaa kwa ajili yako. Walivaa kwa ajili ya kuwa huru.

Sikuombi radhi kwa hilo. Ukiniuliza kama ningefanya tena, ningefanya, ila ningepanda kwanza kilimani kutazama.

Nakuomba hati ya Baraza. Meli ilikuwa yako, tumbo lake lilizama majini futi kumi na moja, na aliyeipitisha ni mimi. Unajua sasa kwa nini niliipitisha. Fanya uonavyo.

Dorsey Pettiford, rubani

(Kapteni, mashua yako ilivuja kweli. Nilikuwa nayatoa maji kwa kofia. Bi. Keziah Pettiford.)


Norfolk
Februari 24, 1888

Bwana Pettiford,

Niliposoma barua yako nilivunja kidau cha wino. Binti yangu alimwita daktari, akidhani nimepatwa na kiharusi. Siku mbili nilijifungia chumbani. Nilikuchukia kwa moyo wote, na ninakuambia hivyo kwa kuwa naona sasa tunaambiana.

Siku ya tatu nilichukua ramani ya zamani nikaanza kuziweka namba zako, moja baada ya nyingine, nikitumaini kwamba utakuwa umekosea hata moja. Kila moja ilikaa mahali pake. Nilipofika mkunjo wa pili nikamkumbuka yule kasa. Na hapo, Bwana Pettiford, nikaanza kucheka hata daktari akarudi bila kuitwa. Miaka ishirini na mitano nimepigiwa makofi, nimepandishwa cheo, nimepewa mke na saa ya fedha, kwa kuwa mzigo uliopelekwa kwa adui na kukuta mpokeaji hayupo nyumbani.

Sitakudanganya kwamba nimegeuka mtu mpya. Bendera niliyoipigania binti yako ameshanieleza anaionaje. Sina jibu ambalo lingesimama mbele yake, na nina kiburi cha kutosha cha kutolisema hilo mara mbili. Lakini niliandika kwamba ulishindwa na hofu. Mtu alikuwa ameketi futi tatu kutoka kwangu akilia, na katika miaka yote hii sikuwahi kumwuliza analilia nini. Nilikuwa nimeshajijibu.

Hati ninaiambatisha. Nimeiandika kwa mkono wangu na kuipiga muhuri wangu wa zamani, ambao mwenyekiti wa Baraza lenu anauheshimu kuliko Biblia. Sura ya saba nimeiondoa mikononi mwa mchapishaji. Ameomba niiandike upya, na anadai hii ya pili itanunuliwa mara tatu. Nitaiandika tu ikiwa wewe utaniruhusu.

Wako mtiifu,
Ambrose Gaskill


Port Selwyn
Machi 21, 1888

Mwanangu Arminta,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa kazini.

Ilikuwa hivi. Tarehe 29 Februari nilikwenda mbele ya Baraza, saa nne asubuhi, na hati ya Kapteni mfukoni. Mwenyekiti, Bwana Hargett, aliposikia jina langu alishaanza kutikisa kichwa. Nikampa karatasi. Akauona muhuri, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasoma kwa sauti, maana hakujua kinachokuja: “Nathibitisha kwamba Dorsey Pettiford, na si mtu mwingine yeyote, mimi mwenyewe nikiwemo, aliipitisha meli Sandpiper, izamayo majini futi kumi na moja, katika Mlango wa Harrow kwa mkondo wa Mjane, Machi 14, 1863, katika ukungu, bila mnara wala taa, kwa umahiri ambao sijauona tena katika bahari yoyote. Kuhusu mahali alipokusudia kuipeleka, kanuni yenu haiulizi.”

Rubani mzee wa kizungu aliyekaa dirishani, ambaye hajanisalimia tangu mwaka 1870, akauliza kama ni kweli mkunjo wa pili una pima mbili kasoro futi moja. Nikasema ndiyo, maji yakiwa nusu. Akasema amebishania hilo na baba yake hadi baba yake akafa. Bwana Hargett akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwani nilikuwa nakusudia kuipeleka wapi. Nikamjibu kwamba ningependa tufuate kanuni. Akasaini. Na alipokwisha kusaini yangu, hakuweza tena kukataa barua ya Bwana Spruill, yule Nimrod wa boila, siku hizi rubani kama mimi, aliyekuwa ameomba muda wa kutafuta hati yake. Alipewa hadi Juni.

(Alirudi nyumbani akaiweka leseni juu ya mkate, ndani ya sahani. Tulikula tukiitazama. Keziah.)

Hotuba yako tumeipata gazetini. Nilikupa ruhusa kwa simu ya maandishi ya maneno manne tu, wewe ukaenda ukasema maneno elfu nne. Keziah aliisoma kanisani ibada ilipokwisha. Sehemu ya bahari tupu, watu waliinamisha vichwa, nikadhani nimeaibika. Kisha mama mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, na waliobaki wakasimama. Sikujua niweke mikono wapi.

Sasa sikiliza la jana. Skuna, meli ya matanga, kutoka Norfolk ilipandisha bendera ya kuita rubani, na zamu ilikuwa yangu. Napanda ngazi, namkuta Kapteni Gaskill ameketi juu ya kreti la kuku, mzee, mnene, na fimbo. Akasimama. Tukatazamana. Akaniambia nimenenepa, nikamwambia yeye ametangulia. Kisha akaomba, kama upepo unaruhusu na kama nahodha hana haraka, tuingie kwa mkondo wa Mjane, kwa sababu safari ile, alisema, hakuuona.

Nikaipitisha skuna kinyume cha njia ya asubuhi ile, mikunjo mitatu, jua kali, maji yakionekana hadi chini. Kabla hatujaingia niliisimamisha mdomoni mwa mkondo. Kapteni akaniuliza manowari zilikuwa wapi. Nikamwonyesha: moja pale, moja pale, ya tatu nyuma kidogo. Hakukuwa na kitu ila maji na ndege wawili. Akavua kofia.

Akasema, “Ungenikabidhi kweli, Bwana Pettiford?”

Nikamwambia, “Bila mkwaruzo, Kapteni. Mimi ni rubani.”

Akavaa kofia yake, akasogea pembeni, akaniachia nafasi karibu na usukani.

Baba yako mdogo,
Dorsey Pettiford